Mtihani Ulioufanya kwa Ajili ya Sufuria la Pilau

Mwanangu Zuhura,

Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Woolwich kumuaga shangazi yako Salma, na ninavyomjua, hatakuachia mpaka ule mara mbili na ubebe kingine cha njiani. Baba yako yuko kazini na basi lake. Nyumba leo nimeipata peke yangu, nikasema nikae niandike. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako la mkononi, na nakuomba uisome leo leo. Usiichukue ukaenda kuisomea kwenye ndege, maana kuna jambo ndani yake nataka ulijue ukiwa bado umo Ilford.

Mambo ya soksi nzito, ya kula, ya kusali kwa wakati na ya kunipigia simu nimeyasema mpaka juzi ukanambia, "Mama, please, I'm twenty-seven." Basi nimeyaacha. Wewe ni daktari, baridi na maradhi yake unayajua kuliko mimi. Nimekaa kuandika juu ya ule mtihani wa Marekani, na nataka kukuomba radhi. Najua kwetu sisi mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi, na wengi wangenicheka. Wacha wacheke.

Ulipoanza kuniambia unataka kwenda kule kusomea upasuaji, ulinieleza vizuri kabisa, kwenye meza hii hii. Udaktari wa hapa unao, ukasema, na miaka miwili ya kazi hospitalini umeshaifanya, lakini kule hawakutambui mpaka ufanye mitihani yao ya leseni. Mmoja hauna nambari, ni kupita au kufeli tu, na huo ulikuwa umeshaupita. Mwingine ndio wenye nambari, na nambari hiyo huenda nayo kila hospitali unayoomba ikupe mafunzo. Ulinichorea na kikaratasi. Mimi katika maelezo yote yale nilisikia neno moja, mtihani, na nikajiona mjuzi. Mtihani kwetu unasomewa. Ukanitajia siku kwa kupitiwa tu, Jumatatu, na kufika jioni Bi Time alishaijua.

Bi Time akishajua jambo, limejulikana mpaka Wete. Unamkumbuka alivyokuwa anakubeba mgongoni hapa mtaani, na mpaka leo ndiye anayetuongoza akina mama wa Kizanzibari tukiwa na kisomo. Tukapanga Yasini arubaini na moja kwa ajili yako. Kumi na tano zisomwe hapa nyumbani Jumamosi, kumi wazisome wenzetu wa Tottenham, na kumi na sita zilizobaki nikazigawa kwa simu Unguja na Pemba, kwa mama zangu wadogo na kwa watu ambao wewe hujapata kuwaona. Kila mmoja nikamwambia jina lako, jina la mtihani na siku yake. Nilijisikia mtu siku ile. Niliazima lile sufuria kubwa la pilau, nikachinjisha kuku, nikapaka hina mkono mmoja kana kwamba ninakuoza.

Jumamosi ile uliingia mlangoni na koti lako na mkoba wa vitabu. Wanawake wakakupigia vigelegele. Ukasimama pale penye viatu vyao, ukasema, "Mama, nikuone kidogo." Nikakwambia, "Kitunguu kinaungua mwanangu, sema hapo hapo, hapa hakuna mgeni." Ukawatazama wale wanawake mmoja mmoja, ukalitazama sufuria, halafu ukasema, "It's fine, Mama. Hakuna kitu." Ukapanda juu. Usiku baba yako akanambia, "Uso wa huyu mtoto leo haupo sawa." Nikamjibu ni hofu ya mtihani tu, na kwamba yeye na mabasi yake hajui mambo ya watu wanaosoma.

Jumatatu ukaenda, ukakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, ukarudi umesawijika. Baada ya wiki tatu hivi ukashuka ngazi na simu mkononi, ukasema, "Nimepita." Zuhura, nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakuuliza nambari ngapi, ukasema mia mbili na kumi na kitu, na ukaanza kulia. Nikakukumbatia na mimi nikalia. Nilidhani tunalia kilio kimoja. Nikampigia Bi Time, "Amepata zaidi ya mia mbili!" Akaniuliza, "Juu ya ngapi?" Nikamwambia, "Juu ya mia!" Na Bi Time, Mungu ampe umri, hakuliona tatizo. Akasema Yasini hiyo, inazidisha.

Siku ya pili ulinieleza kwa upole. Kwa mtihani ule, mia mbili na kumi na kitu ni kuponea kwenye tundu la sindano. Wanaotaka upasuaji katika hospitali kubwa wanapata nambari za juu sana. Na nikakwambia, kwa ubora wangu wote wa kushauri, "Basi si urudie?" Hapo ndipo ulipocheka kile kicheko ambacho sikukipenda. Ukasema aliyefeli ndiye anayerudia, na doa lake linabaki. Aliyepita harudii. Amepita, na nambari yake ndiyo hiyo hiyo mpaka anastaafu. Mimi nilikuwa nimeomba upite, na nilipewa nilichokiomba.

Sasa niseme jambo la kazini kwangu, halafu nitarudi. Unajua nafanya kazi katika ofisi inayotafutia watu kazi za kutunza wazee. Hujapata kuniuliza ninafanya nini hasa pale, na sikulaumu, maana haipendezi kusimulia. Ninachuja maombi. Yanakuja mengi kila wiki, na meneja wangu alinifundisha siku ya kwanza: usisome, chuja. Asiye na leseni ya gari, nje. Mwenye pengo la zaidi ya mwaka mmoja bila kazi, nje. Unabonyeza, kompyuta inayaondoa, wanabaki thelathini, hao ndio unaowasoma. Miaka sita nimebonyeza, na nikawa nasifiwa kwa haraka yangu. Sikuwahi kufikiri kuwa ndani ya lile pengo la mwaka mmoja kuna mtu.

Ulipotuma maombi yako mwezi wa Septemba na kimya kikaingia, nilikuona unavyoitazama simu mezani. Ikilia unaruka, kumbe ni tangazo la pizza. Nikakuuliza, "Wamesoma ile barua yako nzuri?" Ile uliyoandika juu ya mzee wa Tottenham aliyekuwa anakataa dawa mpaka ulipomuuliza habari za mkewe. Ukanambia, "Hawajaifikia, Mama. Wanapata maombi maelfu. Wanaweka nambari, aliye chini yake kompyuta inamtoa kabla mtu hajamsoma." Ulikuwa unanieleza kwa utaratibu, kama unavyowaeleza wagonjwa. Na mimi nilikuwa nimeshika bilauri ya maji, nikaiweka chini, kwa sababu nilikuwa nakijua kile kidole kinachobonyeza. Ni hiki ninachoandikia. Sikukwambia siku ile. Niliona haya.

Upasuaji ukafa kimya kimya, bila hata barua ya kukataliwa. Udaktari wa familia ulikuwa umeuomba pembeni, na huko ndiko zilikotoka zile nafasi nne za usaili, zote katika miji ambayo baba yako aliitafuta kwenye ramani na miwani mbili. Sasa nitakiri jingine. Ule usaili wa tatu, uliofanya chumbani kwako kwa kompyuta, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na trei ya chai. Chai ilipoa. Nilimsikia yule daktari mzee, sauti yake ya taratibu, akikwambia barua yako ameisoma mara mbili na kwamba na yeye ana mgonjwa kama yule wa Tottenham. Halafu akasema anataka kukuuliza juu ya nambari yako, kwa sababu haifanani na barua. Ukamjibu hukuwa tayari siku ile, na ulijua hukuwa tayari. Akakuuliza kwa nini basi hukuahirisha. Ukasema, "There were people I didn't want to let down."

Mimi pale mlangoni nikajiuliza watu gani hao usiotaka kuwaangusha. Wallahi nilijiuliza. Nikafikiri labda wenzako wa hospitali, labda kuna kijana ambaye hujatuambia. Nikateremka na trei yangu nikiwa na hasira na hao watu.

Mwezi wa Machi ikaja ile wiki yao. Jumatatu wanakuambia kama umepata pahala, Ijumaa ndiyo wanakuambia wapi. Ijumaa ukatuita mimi na baba yako, ukasema umepata, ni kwa yule daktari mzee, mji mdogo wenye mashamba ya mahindi pande zote. Baba yako akasujudu pale pale kwenye zulia. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa Jumatatu nzima, Jumanne, Jumatano na Alhamisi ulikuwa unajua umepata, na tulikuwa tunakula meza moja, na hukunambia. Iliniuma sana. Nilikwenda kumshitakia shangazi yako kwa simu, nikisema huyu mtoto amejifunza usiri wapi, kwetu hakuna usiri. Shangazi yako akanyamaza, na wewe unajua Salma hanyamazi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kuchukua lile begi kubwa. Nilikuwa nasimulia kwa furaha, nikasema kile kisomo chetu ndicho kilichokubeba mpaka ukapita. Salma akaweka kikombe chini. Akasema, "Wifi, nimechoka kuinyamazia hii." Akanambia Ijumaa kabla ya kisomo ulikwenda kwake. Mtihani wako wa mwisho wa kujipima ulikuwa umetoka vibaya, ulikuwa umetoka zamu za usiku mfululizo, na ulikuwa umeshafungua ukurasa wa kubadilisha siku ya mtihani. Ulihitaji wiki tano tu. Ulimwomba akusaidie kunambia niahirishe kisomo, kwa sababu hukutaka watu wasome kwa siku isiyo yako. Na yeye akakwambia, "Nenda ukamwambie mwenyewe, mama yako si simba." Kesho yake ukaja ukanikuta na kitunguu changu.

Nilirudi kwenye treni sijui nimebadilishaje pale Whitechapel. Nilikuwa naona kitu kimoja tu, wewe umesimama penye viatu, unatazama sufuria.

Usidhani nalaumu Yasini. Kisomo ni kheri, na wale wanawake walisoma kwa mapenzi, wengine kwa miwani iliyofungwa na uzi. Kosa ni langu mimi niliyeichukua siku yako nikaifanya yangu, nikaipeleka mpaka Pemba, hata ikawa huwezi kuigusa bila kuwaangusha watu arubaini. Wewe mtoto mwenye adabu ukaona heri uanguke mwenyewe.

Nataka nikwambie ilikotoka, si kwa kujitetea. Mimi shule niliishia kidato cha pili. Hilo unalijua, lakini nilikuwa nakwambia ni kwa sababu ya hali ya nyumbani, na huo ulikuwa uongo. Nilifeli. Siku zile matokeo ya mtihani wa kidato cha pili yalibandikwa ukutani, na aliyekosekana kwenye orodha alikaa nyumbani. Babu yako alikwenda mwenyewe kutazama, na kanzu yake ya Ijumaa. Alisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu, mpaka watu wote wakaondoka, akitafuta jina langu kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta wa pili, namwona. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake. Hakuna aliyenisema, hata siku moja, na hakuna aliyenisemesha habari za kusoma tena. Ningetaka wanipigie kelele.

Basi ulipozaliwa wewe na ukawa na akili zile, nikaapa kuwa jina lako litasikika. Kila cheti nilikitangaza. Ulipokuwa na miaka saba ukapata nyota ya kusoma, nikapiga simu nyumbani kwa kadi nzima. Nilikuwa bado namtafutia babu yako jina kwenye ule ukuta, na sikujua. Miaka yote hii nilidhani nakufurahia wewe. Nilikuwa nakufurahia, hilo lisikupe shaka, lakini na huyu msichana aliyejificha alikuwamo.

Na uongo haukuishia hapo. Ulipopata udaktari wa familia, mimi niliendelea kuwaambia watu upasuaji. Siku ile Bi Time amekuja kukupongeza kwa upasuaji, ulikuwa kwenye ngazi ukasikia, ukashuka ukamsalimia, ukasema ahsante. Hukunisahihisha mbele yake wala baada yake. Sijui kama nimepata kukuonea fahari zaidi ya hapo, na sijui kama nimepata kujichukia zaidi.

Niliporudi kutoka kwa Salma nilishika simu nikarekodi ujumbe kwa kundi lote la akina mama, dakika sita. Nikaeleza yote, nambari yako, kitunguu, wiki tano ulizozihitaji, makosa yangu, na kilio juu yake. Nilikuwa nimeshaweka kidole cha kutuma. Kisha nikajisikiliza, nikaona hata toba yangu nataka kuitangaza, tena kwa kutumia nambari yako. Nikaifuta. Nikamwendea Bi Time peke yake, nikamwambia neno moja, kwamba Zuhura anakwenda kuwa daktari wa familia na mimi nilisema uongo. Akasema, "Sasa huyo si ndiye bora? Goti langu sitaki lipasuliwe, nataka wa kunisikiliza." Tukanywa chai.

Kazini nako, Jumatatu nililifungua lile faili la waliotolewa. Nikasoma ombi moja la mwanamke mwenye pengo la miaka miwili. Alikuwa anamuuguza mama yake mpaka akafa. Miaka miwili amemwogesha, amemlisha, amemgeuza kitandani, na sisi tunatafuta watu wa kutunza wazee! Nikampelekea meneja. Akanambia kama nataka kuyasoma yote niyasome katika mapumziko yangu. Basi nayasoma katika mapumziko yangu, kumi kwa siku, na sambusa mkono wa pili. Mwanamke yule ameitwa kwa mazungumzo. Sijui kama atapata.

Sikuandikii haya ili nikwambie uwe daktari wa namna gani. Utajua mwenyewe, na yule daktari mzee aliyeisoma barua yako mara mbili atakuonyesha. Ila nafikiri utakutana na mimi huko. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, mama wa mtu, namjibia mgonjwa kila swali kabla hajafungua mdomo. Nitoe nje kidogo, kwa adabu, umuulize mwenyewe.

Nisamehe, Zuhura. Wiki tano zile siwezi kukurudishia, na nambari siwezi kuifuta. Ningekuwa naweza kuichukua niiandike kwenye karatasi zangu mimi, nisiyeomba kazi popote, ningeichukua leo. Nimelia juu ya jambo hili mpaka baba yako akaniletea taulo badala ya kitambaa.

Sasa lile jambo nililotaka ulijue ukiwa bado umo Ilford. Kesho tutatoka saa tatu asubuhi, mimi, wewe na baba yako aliyeomba ruhusa, tupande treni hapa mpaka uwanja wa ndege. Ni sisi watatu tu. Bi Time ameniuliza mara nne ndege ni siku gani na saa ngapi, na mara zote nne nimemwambia akuulize mwenyewe, amenuna hata biskuti hakugusa. Tottenham hawajui. Unguja na Pemba wanajua unaondoka mwezi huu, basi. Hakuna kisomo kilichopangwa. Mama yako huyu, mwenye mdomo huu, amekaa na siku yako na saa yako wiki nzima na hajampa mtu. Usiulize nimewezaje.

Nataka uende. Nalisema wazi ili usije ukadhani nakuzuia. Lakini leo usiku, au kesho mlangoni, au hata pale wanapokagua mabegi, ukihisi hauko tayari, kuna watu wawili tu wa kuwaambia, na wote wawili ni wako. Tutageuka turudi na treni ile ile, na hakuna atakayejua kuwa tulitoka.

Niite chini ukimaliza kusoma, au nije juu. Jikoni hakuna kilichobandikwa, moto nimeuzima, na leo nitakusikiliza mpaka umalize.

Mama yako